Kipande Kimoja Chini ya Kilo Mia

9 Januari

Mpwa wangu mpenzi,

Hujambo mwanangu? Huku sote wazima, ila paa la jikoni linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana, na mke wangu ametega sufuria chini yake akaendelea kupamba keki kana kwamba hakuna kitu. Mama yako alinipigia juzi. Kasema goti limetulia na yule paka wake mwenye jicho moja kazaa tena. Nilimpa hongera kwa goti na pole kwa paka.

Sasa kaa kitako. Winchi mpya imekuja!

Wewe umezaliwa ukanikuta dereva wa winchi, lakini zile za zamani zilikuwa vijiti tu. Hii, mama, ukisimama chini ukatazama kileleni, helmeti inakudondoka. Kibanda cha dereva kina kioo mpaka sakafuni, unaona nondo zinapanda kutoka chini ya miguu yako mwenyewe. Vipande bado viko uwanjani, mafundi wanasema mpaka mwisho wa Juni itakuwa imesimama. Nimeisubiri winchi kama hii tangu nilipokuwa na nywele. Nikilala naiota, nikiamka naisimulia.

Lakini kuna jambo. Msimamizi alituita kwenye kontena la ofisi akainua mkanda, ule wa kumteremshia dereva likitokea la kutokea kule juu. Akasema umetengenezwa kubeba kilo mia, hapo ndipo mwisho wake. Mtu, nguo, viatu, helmeti na chochote kilichomo mfukoni. Tutapimwa wiki ya mwisho ya Juni, na atakayezidi hapandi, atakaa stoo kugawa glavu. Kisha akanitazama mimi. Kontena zima likanitazama mimi. Uso ulinishuka, mpwa wangu, nikajifanya nafunga kamba za viatu, na kamba zenyewe sikuzifikia.

Kilo zangu usiniulize. Ni zaidi ya mia, inatosha.

Nilijaribu. Jumatatu niliapa: sukari basi, keki basi, chipsi basi, chokoleti ndiyo kabisa. Jumatano nilijifungia choo cha kazini na chokoleti nzima, ile kubwa ya kugawana watu sita. Nilitoka humo nimeshika tama.

Wewe unafanya kazi jiko la hospitali, kutwa unawapimia wagonjwa chakula kwenye sahani. Nisaidie. Ila mkazamjomba wako asijue hata chembe. Unamjua, keki ndiyo kazi yake na mimi ndiye mwonjaji wake tangu ile ya kwanza iliyozama katikati. Nikimwambia nimekatazwa keki, ataona nimemkataa yeye. Usinipigie simu pia, maana simu yangu anaipokea yeye, na anaiweka sauti ya nje ili asipitwe. Andika kwa anwani ya kazini, mlinzi wa getini atanipa.

Mjomba wako, ambaye bado yuko chini

*

23 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo! Mimi mzima, mikono tu inanuka vitunguu vya watu mia mbili. Jikoni kwetu wametuletea sufuria mpya zisizoungua, kwa hiyo wapishi wamekosa kisingizio na uji umeboreka. Mama amenitumia picha za watoto wa paka, wote watano, na macho yote yamekamilika.

Barua yako nimeisoma wakati wa mapumziko, nimecheka mpaka mbavu zinauma. Chooni, Mjomba? Na chokoleti ya watu sita?

Haya, nisikilize, maana nimefurahi kweli uliponiuliza. Kosa lako si chokoleti. Kosa lako ni kuapa. Ukijinyima kila unachokipenda, siku ukikishika hukiachi mpaka karatasi. Sisi tutafanya kinyume chake: unachokipenda kinaingia kwanza kwenye hesabu, halafu vingine vinakizunguka.

Mwili wako, kwa ukubwa wako na kazi ya kukaa kibandani, nimekukadiria kalori kama elfu mbili kwa siku. Ukishika hapo utapungua taratibu bila kuanguka kwa njaa. Hizo elfu mbili zione kama nafasi kwenye lori. Ukipakia soda, wali milima miwili na mafuta ya kuogelea, keki itakosa pa kukaa. Kwa hiyo tunashusha vile usivyovipenda sana. Najua chai yako: vijiko vitatu vya sukari, vikombe vitano kwa siku. Hapo peke yake kuna karibu kalori mia mbili na hamsini, na hata huvisikii ladha yake, unakunywa kwa mazoea. Mafuta nayo, kijiko kimoja kikubwa ni kama mia na ishirini. Mwombe anayewapikia kazini apime kwa kijiko, asimimine.

Sasa zawadi zako. Chokoleti: vipande viwili vidogo kila siku, kama kalori sitini. Vivunje asubuhi, vingine acha nyumbani. Vile ukivitafuna kwa pupa nitakujua. Viweke ulimini viyeyuke. Chipsi: Jumamosi, sahani ndogo, pamoja na mboga nyingi na yai la kuchemsha au samaki, ushibe kwa hivyo. Mimi mwenyewe kila Jumamosi nakula chipsi na mwenzangu mmoja wa hapa kazini na sijapasuka. Keki: kipande kimoja Jumapili. Kipande cha keki ya krimu ya mkazamjomba si chini ya mia nne, kwa hiyo siku hiyo wali unapungua. Ukizidisha siku moja, usilie na usijiadhibu kwa njaa, kesho yake endelea kama kawaida.

Na Mjomba, bila kujua uzito nakisia tu. Una kilo ngapi?

Mpwa wako

*

18 Februari

Mpwa wangu mwenye akili za mama yake,

Salamu zako nimezipata, na mama yako nimemfikishia zake. Kaniambia paka wawili wamechukuliwa na jirani, mmoja karudi mwenyewe usiku huo huo. Paa bado linavuja, sufuria tumebadilisha.

Sikia habari! Mkanda wa suruali umerudi tundu moja nyuma! Nilisimama mbele ya kioo nikauvuta, nikauachia, nikauvuta tena, mpaka mke wangu akauliza kama nina upele.

Ile chai sasa naweka kijiko kimoja. Wiki ya kwanza nilidhani nakunywa maji ya kuoshea vikombe, sasa chai ya wenzangu ndiyo inanishinda kwa utamu. Soda nimeshusha kwenye lori. Wali mlima mmoja, na huo mlima wenyewe ni kichuguu. Mchana nakula maharage na kabichi mpaka nashiba. Halafu saa kumi, nikiwa juu kwenye winchi ya zamani, nashusha mzigo wa mwisho, nazima redio ya mkononi kidogo, natoa vipande vyangu viwili vya chokoleti. Kimoja kinayeyuka nikitazama mabati ya mji mzima. Cha pili nakitunza. Naapa, mpwa wangu, ile nzima ya chooni sikuisikia ladha yake kama ninavyovisikia hivi viwili. Kutwa nzima navisubiri kama mtoto anayesubiri kengele ya shule.

Tatizo ni keki. Wewe umeniandikia kipande kimoja Jumapili, lakini unaijua nyumba hii. Leo kuna harusi, kesho kuna mahafali, kesho kutwa mtu anatimiza miaka. Kila jioni naletewa vipande vitatu nionje: cha katikati, cha pembeni na cha krimu peke yake. Nikila vyote, lori limejaa na ubao wa nyuma haufungi. Basi nimepata ujanja. Namega kidogo, nafumba macho, nasema "Mmm!" kwa sauti, yeye akigeukia oveni nakiviringisha kilichobaki kwenye leso. Kisha natoka kupunga upepo, nampa mbwa wa jirani. Mbwa ananipenda sasa, hujapata kuona.

Kilo zangu ni siri ya serikali. Tena na wewe una lako. Huyo "mwenzangu mmoja wa hapa kazini" wa chipsi za Jumamosi ni nani? Mbona umempitisha haraka kama mgonjwa asiye na kadi?

Mjomba wako wa tundu la pili

*

5 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na hongera kwa tundu! Nimemsomea mpishi mkuu habari ya chai yako, naye amepunguza sukari kwenye yake, sasa hasemi na mtu. Mama mzima. Mimi mzima, ila nina wasiwasi, ndiyo maana naandika upesi.

Mkazamjomba alinipigia jana. Kwanza aliulizia kazi, akaulizia mvua, akaulizia watoto wa paka. Nikajua kuna kitu, maana yeye na paka wapi na wapi. Halafu akasema hivi: "Mwanangu, ulimi unaweza kufa? Mjomba wako siku hizi anamega keki kama anayeonja dawa. Hasemi ni mbaya, anasema mmm, lakini mmm yake imebadilika." Kasema ameongeza siagi, ameongeza krimu, bado. Mjomba, nilipata kigugumizi, nikasingizia kuna sufuria inaungua, na sufuria zetu haziungui.

Mwambie. Leo. Kupungua si aibu, na yeye si wa kukuonea. Unampoteza mwenzako kwa kumwokoa na jambo ambalo hata halimuumi. Na ule ujanja wa leso uache, keki si ya kutupwa. Mwambie akupe kijiko kimoja cha kuonja, na kipande chako cha Jumapili ukile mezani mbele yake.

Kuhusu mwenzangu wa chipsi: ukitaja kilo, nitamtaja mtu.

Mpwa wako

*

30 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo? Mbona kimya? Nimekuwa nikimuuliza mlinzi kila asubuhi, huyu wa sasa anashika zamu ya mwenzake aliyekwenda likizo, naye hajui hata sanduku la barua liko wapi. Au umeninunia kwa ajili ya kilo?

Huku mambo moto moto! Tundu la tatu, mpwa wangu! Ngazi ya winchi ya zamani naipanda kwa pumzi moja, zamani nilikuwa nasimama katikati nikijifanya nakagua bolti. Wenzangu wameacha kuniita Tenki. Winchi mpya imefika nusu, inang'aa, na nimeruhusiwa kuingia kibandani ikiwa bado chini. Nimekaa kwenye kiti, nimeshika usukani wa mkono wa kushoto, nimetazama sakafu ya kioo nikaona mchwa. Nitaona mji kwa hicho kioo!

Jumamosi nakula chipsi zangu, nazihesabu kwa macho, nakula na samaki na majani mengi, na sisikii hatia hata kidogo. Hili ndilo lililonishangaza zaidi. Zamani nilikuwa nakula chipsi nikijitukana.

Nyumbani tu ndiko hakujakaa sawa. Mke wangu sijui amekuwaje. Keki anazidisha krimu mpaka inasimama kama zege bichi. Juzi kaweka tabaka tatu, ya pinki, akanikazia macho: "Hii je?" Nikasema nzuri. Akasema, "Nzuri tu?" Nikasema nzuri sana. Akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Ile ya pinki yote ilikwenda kwa mbwa, na mbwa sasa ndiye anayenenepa badala yangu. Anatembea kama mfuko wa saruji.

Niandikie basi.

Mjomba wako wa tundu la tatu

*

12 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, paka wazima, mimi si mzima. Barua yangu ya Machi hukuipata? Niliandika yote mle! Muulize huyo mlinzi, pekua hilo geti lote.

Nitaanza na furaha, maana nisipoisema kwanza sitaisema. Naolewa! Yule wa chipsi za Jumamosi ni fundi wa mashine za kufulia mashuka hapa hospitali. Mrefu, mpole, anacheka kwa mabega. Tulianza kwa kugawana sahani moja kwa sababu mimi nilikuwa napima kalori na yeye alikuwa anapima mfuko. Tumepanga Julai, mama ameshakubali, na wewe nilitaka nikuambie kwa kukuvizia baada ya kunitajia kilo. Basi umeshinda, nimemtaja bure.

Sasa sikiliza. Nilimpigia mkazamjomba nimwombe keki ya harusi. Tangu nikiwa mdogo nilimwambia siku nikiolewa nataka keki yake, ya ndimu, na nimlambie bakuli. Mjomba, alikataa. Alisema kwa upole, ndiyo mbaya zaidi: "Mwanangu, tafuta mtu mwingine. Mimi mkono umeniisha. Sitakutia aibu siku yako." Nikabisha, ndipo akaniambia. Alikwenda kumwomba jirani chumvi akamkuta mbwa mlangoni, pua nzima krimu ya pinki. Krimu yake! "Mjomba wako hawezi hata kuimeza. Anampa mbwa, halafu anarudi kuniambia nzuri sana. Kanionea huruma." Tabaka zile tatu zilikuwa jaribio lake la mwisho. Amerudisha oda zote za mwezi wa tano, na oveni ametafutia mnunuzi.

Nimelia, halafu nimekasirika, halafu nimelia tena. Oveni ile, Mjomba! Mnunuzi anakuja mwisho wa mwezi huu. Sitamwambia mimi, maana neno hili likitoka kwangu atajua hata mimi nilikuwa naficha pamoja na wewe, na atabaki hana hata mmoja. Linatoka mdomoni mwako au halitoki.

Nataka upande winchi. Nataka pia keki yangu. Piga moyo konde ukaseme.

Mpwa wako, bibi harusi asiye na keki

*

6 Mei

Mpwa wangu, bibi harusi wangu,

Hongera, hongera, hongera! Mwambie huyo fundi anayecheka kwa mabega kwamba nitamfanyia usaili kwanza, na swali la kwanza ni nani anakula chipsi ya mwisho.

Barua yako ya Aprili ilinikuta getini mkononi mwa mlinzi aliyetoka likizo. Nikamwambia kuna nyingine ya Machi. Akafungua droo, akaitoa chini ya tochi mbovu, mwenzake alikuwa ameweka kikombe juu yake. Nikazisoma zote mbili nimesimama, nikaomba ruhusa, nikaondoka na helmeti kichwani. Njiani watu walinitazama, sikujali.

Nimekuta oveni imefunikwa shuka. Shuka, mpwa wangu, kama maiti! Yeye yuko mezani anapanga chembe za mchele, hajaniangalia. Nikasema, "Mke wangu, naomba keki." Akasema, "Mwombe mbwa."

Nikatamani ardhi ipasuke. Nikatoa kila kitu. Winchi, mkanda, kilo mia, stoo ya glavu, chokoleti ya chooni, leso, wewe, barua. Nilimwambia keki yake haijawahi kuwa mbaya hata siku moja, na kwamba kila nilipoiweka kwenye leso nilikuwa nalamba vidole njiani. Nikalia pia, usimwambie fundi wako.

Halafu akalipuka. Majirani walisikia, mbwa alisikia! "Miezi yote hii! Nimekuwa nikionja siagi asubuhi nikidhani nimeugua! Nimekwenda kwa daktari wa meno! Na wewe unanenepesha mbwa wa watu!" Nikakubali yote. Ukweli, nilistahili na zaidi. Akatembea jikoni mbele na nyuma, sufuria ya kukingia maji ya paa akaipiga teke, maji yakamwagika, hakujali. Kisha akasimama mbele yangu akauliza kwa sauti ndogo, "Una kilo ngapi?"

Nikamnong'oneza sikioni.

Alicheka mpaka akashika meza. Alicheka mpaka machozi, na mimi nikaanza kucheka, tukakaa chini pale penye maji tukacheka kama wehu. Alipomaliza alifuta macho kwa aproni, akaondoa shuka kwenye oveni, akashusha ule mzani wake wa unga kutoka kabatini. Akanisomesha: "Kuonja ni kijiko, kula ni kipande. Wewe ulikuwa unaonja vipande vitatu. Nani alikutuma?" Jioni ile ile akaoka ya ndimu. Anajua kila gramu ya sukari na siagi inayoingia mle, akaandika ubaoni, akagawanya, akakata kipande cha gramu sitini, akakipima, akapunguza ncha kidogo kwa kisu, akakipima tena. "Kalori zako hizi hapa. Kula." Nikala chote mbele yake, kwa uma, bila kufumba macho. Alikuwa ananitazama mdomo.

Mnunuzi wa oveni alikuja Jumamosi, alirudi na kipande cha keki na nauli yake.

Tatizo limebaki moja: mbwa. Kila jioni anakaa getini kwetu ananitazama kama ananidai.

Mjomba wako aliyesamehewa

*

2 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo! Nimeruka ruka jikoni mpaka mpishi mkuu akaniuliza kama nimeungua. Mkazamjomba ameshanipigia, tumeongea saa nzima juu ya ndimu, tabaka na maua ya krimu, na sauti yake imerudi ile ile ya kuamrisha. Alinigombeza pia kwa kuficha, nikapokea. Mama naye ameapa atacheza harusini, goti lipende lisipende.

Lakini mkazamjomba ameniambia jambo. Eti tangu wiki iliyopita umeacha kula usiku, na chokoleti umempa yeye akufichie. Kisa wiki ya kupimwa inakaribia umeingiwa na hofu. Ala! Tumetoka wapi na tunarudi wapi? Ukijinyima sasa, utakuwa umechoka, utakuwa mkali, na usiku mmoja nitasikia umefumaniwa na chokoleti ya watu sita. Dereva mwenye kizunguzungu ni wa nini kule juu? Rudisha chakula chako cha usiku. Rudisha vipande vyako viwili. Kipande cha Jumapili usikiondoe kwenye hesabu, kiko humo humo tangu mwanzo. Hivyo ndivyo vilivyokufikisha hapo ulipo, Mjomba, usivitupe mlangoni.

Sasa nijibu kwa mara ya mwisho. Mkazamjomba anajua, mbwa bila shaka anajua. Una kilo ngapi?

Mpwa wako

*

27 Juni

Mpwa wangu,

Hatujambo. Paa limezibwa! Nilipanda mwenyewe, na bati halikulia. Mama yako amefika tangu juzi kusaidia matayarisho, amekuja na paka mmoja kwenye kikapu, na mbwa wa jirani anamwogopa. Mke wangu anakusalimu, anasema maua ya krimu ameshayajaribu mara tatu na kwamba safari hii aliyeonja amesema mmm ya kweli.

Nilikusikiliza. Nilikula usiku, nikarudisha chokoleti. Usidhani ilikuwa rahisi. Kila tonge nilikuwa naliona limesimama juu ya mzani.

Jana ndiyo ilikuwa siku. Asubuhi mke wangu alinifungia kipande changu cha ndimu kwenye karatasi, akanitia mfuko wa shati, akaupigapiga, akasema, "Hiki cha saa kumi." Jana ilikuwa Jumapili? Haikuwa. Nikamwambia siku si yake. Akasema ametoa wali wa mchana kukiwekea nafasi, niache kidomodomo.

Uwanjani wameweka mzani mkubwa wa kupimia mifuko. Tumepanga foleni madereva wote, na viatu, na helmeti. Moyo ulikuwa unapiga mpaka nikadhani utaongeza uzito. Zamu yangu ilipofika watu waliacha kazi, hata mchanganya zege alizima mashine. Msimamizi akaona mfuko umetuna. "Hicho nini?" Nikasema keki. Akasema, kwa wema kabisa, kwamba naweza kukiweka pembeni kwanza, hakuna atakayenilaumu, gramu ni gramu.

Nilifikiri. Haki ya Mungu nilifikiri! Miezi sita, mpwa wangu, na stoo ya glavu iko pale mlango wazi, nauona. Halafu nikamwambia, "Bosi, siku nikipanda nitapanda nacho. Nipime nacho."

Nikasimama. Mshale ukaenda, ukapita, ukarudi, ukatikisika, ukatulia. Msimamizi akainama akasoma. Akachuchumaa akasoma tena. Alikwenda kwenye kontena akarudi na mkanda, akanifunga yeye mwenyewe begani na mapajani, na uwanja mzima ukalipuka kwa makelele, mtu akagonga nondo kwa nyundo kama kengele.

Nimepanda! Nimepanda ngazi yote bila kukagua bolti hata moja. Nimeketi kwenye kile kiti, chini ya miguu yangu mji mzima, paa letu lililozibwa linang'aa, na nyuma ya nyumba kitu kidogo cheupe kinapepea, nadhani ni aproni ya mke wangu, alikuwa uani anatazama juu. Saa kumi nilifungua karatasi. Nilikula taratibu mpaka chembe ya mwisho, na ndimu ilinitoa machozi, au nilisingizia ndimu.

Umeniuliza tangu Januari. Nilianza na kilo mia na kumi na moja. Jana nilikuwa tisini na tisa na nusu, pamoja na keki.

Mjomba wako, kutoka juu